Mama wa stendi kaniomba nibaki na binti yake, nifanyeje?

"Shikamoo mama. Sisi ni wanawake 6 wa jumuiya moja huku Nyegezi, Mwanza, tangu mwaka jana kila jioni tunapeleka uji na maandazi stendi kwa familia zinazoshuka na mabasi ya Kigoma na Geita halafu zinakwama pale. Wengi Wakongo na Warundi, wengine wanasema wanaenda Sirari wavuke Kenya, wengine wanasubiri meli ya Bukoba, wengine hata wenyewe hawajui. Jirani yangu kanambia tutafungwa kwa kuhifadhi wahamiaji haramu. Wiki iliyopita tulimpata mama na watoto 4, siku ya kwanza kasema mumewe kafariki, kesho yake kasema yuko Uvira kule Kongo, keshokutwa eti katangulia Nairobi, wenzangu wakasema huyu tapeli tusimpe tena. Mi nilimwamini. Sasa kaniomba nibaki na binti yake mkubwa wa miaka 12 mpaka yeye atulie huko aendako. Binti ana adabu, nyumbani nafasi ipo, mume wangu hana neno. Toka aniombe silali vizuri. Nikikataa nitakuwa nimemtupa mtoto? Na haya tunayofanya ni sahihi kweli?"

Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, naona ni maswali manne umeyafunga kwenye pindo moja la kanga, sheria, uongo, mtoto na usingizi wako. La mtoto nakupa jibu kwanza maana ndo linalokukesha: usimchukue kimyakimya. Sijasema usimsaidie. Nasema usimchukue kwa makubaliano ya pale kwenye benchi kati yako na mama yake, hata kama nia zenu wote wawili ni nyeupe. Sababu nitazieleza ila niache nianzie mbali kidogo, mtu mzima hakosi hadithi.

Mwaka 1994 nilikuwa ndo kwanza nimetoka chuo, nikapelekwa Ngara. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja tu, yani siku moja, mpaka leo nikisema hivyo kuna vijana wanadhani naongeza chumvi. Nilikuwa natembea barabarani pale Benaco, kambini kwao, nikamkuta mtoto wa kama miaka 4 amekaa peke yake juu ya kifurushi, pembeni ana dumu la njano tupu, halii, ananitazama tu. Roho ikaniruka. Nikamnyanyua nikampeleka kwenye hema la watoto waliopotea, nikampa biskuti, nikaandika "ameokotwa barabarani", jioni nikalala nimeridhika kweli. Kumbe mama yake alikuwa amemweka pale ashike nafasi. Kaenda na dumu la pili kutafuta maji, foleni ikamchelewesha, karudi kakuta kifurushi kipo mtoto hayupo. Ilichukua siku 9 kuwakutanisha. Siku alipompata hakunishukuru wala hakunitukana, alimgeuza akamkagua mgongoni, akamkagua nyayo, akafunga mbeleko akaondoka. Mi nikabaki nimesimama na peni yangu.

Toka siku hiyo nikijiona nataka "kuokoa" mtoto najiuliza kwanza nani amemweka hapo, na kwa sababu gani.

Familia iliyo njiani, mwanangu, haiko kama familia maskini ya mtaani kwako ukiondoa nyumba. Mtaani mtu hata akiwa hana kitu ana ratiba, ana jirani, anajua kesho duka gani litamkopesha. Njiani vyote hivyo vimekatika, kilichobaki mkononi mwa mzazi ni vitu vitatu vinne hivi: watoto wake, begi lake, simu kama anayo, na uamuzi wa kuondoka saa ngapi. Ndo maana utaona mama anakuwa mkali ukigusa lile shangazi kaja lake kumsaidia kubeba, wenzako wanasema hana shukrani, kumbe umegusa kimoja kati ya vitu vinne alivyobaki navyo. Na baba ukimwona amenyamaza tu anatazama chini usifikiri hana habari, huyo kichwani anapiga hesabu, nauli, masaa, chakula, nauli tena.

Kwa hiyo kazi yenu pale stendi, ukiniuliza mimi, ni ya masaa. Uji, maji, hela ya choo, chaji ya simu, habari ya kweli, basi. Kila mnachofanya mkipime hivi: tukiondoka hapa, huyu mzazi amebaki na nguvu zaidi juu ya watoto wake na safari yake au tumempunguzia? Mfano mdogo sana. Mnapogawa uji, usimpe mtoto bakuli mkononi wakati mama yake amekaa pale. Mpe mama, mama ampe mtoto. Utaona kitu kidogo hicho kinavyobadilisha uso wa mama. Siku tatu mtoto wake ameomba chakula yeye hana, leo amemlisha yeye, mbele za watu.

Sasa tuje kwa hadithi tatu za mume, maana hapa ndo kikundi chenu kimepasuka.

Kuna uwezekano anadanganya, ndiyo, sitakuficha, watu wa stendi wapo wa kila aina na wengine wamejifunza kuishi kwa maneno. Ila ukiniambia nibahatishe, kwa hadithi kama hii mi siendi moja kwa moja kwenye utapeli. Kwanza mwili wenyewe. Mtu aliyekimbia hatari, akalala vibaya siku nne, hajala vizuri, mwili wake unakuwa bado umewasha ile injini ya kukimbia, homoni za hofu zinazunguka kwenye damu, na ubongo ukiwa kwenye hali hiyo hauhifadhi mambo kwa mpangilio wa jumatatu jumanne jumatano. Unahifadhi vipande, harufu, sauti ya mlango, rangi ya shati. Ukimwuliza "ilikuwaje" anaokota kipande kilicho juu siku hiyo. Kesho kinakuja kingine. Sisi tuliolala kitandani tunaita uongo.

Pili, jiulize ameulizwa swali hilo na watu wangapi kabla yako. Askari wa kizuizini, kondakta, dalali, mwenye gesti, mwanaume aliyekaa naye siti moja. Mwanamke anayesafiri na watoto akisema mume amekufa, kuna mahali anahurumiwa na kuna mahali anaonekana hana mwenyewe, na hapo ndo balaa linapoanzia. Akisema "mume wangu yuko mbele ananisubiri" amejijengea ukuta kidogo. Yale majibu matatu yanaweza kuwa ni funguo tatu, kila moja imeshamfungulia mlango mahali fulani, na wewe bado hajajua ni mlango wa aina gani.

Tatu, na hii ndo inaniuma zaidi, inawezekana hajui. Walitengana wakati wa kukimbia, mtu mmoja kamwambia amemwona Uvira, mwingine kamwambia amekufa, mwingine kamwambia alipanda lori akaenda Nairobi. Msiba usio na kaburi hauna siku ya arobaini. Usiku anamlilia, asubuhi anamsubiri. Ukimkuta usiku ni mjane, ukimkuta asubuhi ana mume. Zote tatu alizokwambia anaweza akawa anaziamini, kila moja na saa yake.

Halafu lugha jamani! Kiswahili cha Kongo na chetu ni ndugu lakini siyo pacha. Mtu wa Fizi akikwambia mtu "alipotea" wewe umeelewa nini, amekufa au hajulikani alipo? Akikuomba sombe usihangaike, ni kisamvu hicho. Na Warundi wengine wanaitikia "ndiyo" kwa heshima tu hata kama hawajaelewa. Kama kwenye kikundi mna Muha hata mmoja, mtangulizeni mbele huyo, Kiha na Kirundi wanasikilizana vizuri sana, na hata nyie wengine mkijua kusema "amahoro" na "murakoze" mmeshafungua mlango. Neno moja la kulijua kwa lazima ni "ndarwaye", maana yake naumwa.

Ushauri wangu hapo ni mwepesi, msiulize. Uji hauhitaji hadithi. Mnachohitaji kujua ni watoto wamekula lini, kuna anayeumwa, wanasubiri usafiri gani na saa ngapi, wana wa kumpigia simu au hawana. Akitaka kuongea mwenyewe sikiliza, usimkatishe, usimchimbe, usimwambie "pole Mungu ana makusudi yake" (najua ni wanajumuiya, ila hapo meza tu). Wapo wanaodhani mtu akimwaga yote roho inapona. Ukimfungua mtu kidonda stendi saa mbili usiku na wewe saa tatu unaenda kulala kwako, umemwacha wazi. Na picha msipige, hata za "ushuhuda" kwenye grupu la watsapu la parokia. Ninyi mnaona watoto wanakunywa uji, kuna mtu mwingine anaweza akaona ni nani yuko Mwanza.

Kuhusu jirani na jela. Mi si wakili, nilikuwa mtu wa ustawi wa jamii, kwa hiyo chukua haya kama ya mtu aliyekaa karibu na moto, na mkipata wakili wa kuwasaidia bure hata mara moja muulizeni. Jirani yako hajatunga. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inafanya kosa kumsafirisha, kumficha au kumhifadhi mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria, na adhabu zake si za kuchezea. Lakini jirani ameshika nusu ya kamba. Si kila Mkongo au Mrundi unayemwona stendi yuko kinyume na sheria. Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki toka 2007, Kongo iliingia 2022, kuna mtu pale ana hati yake imegongwa muhuri mpakani, ni mgeni halali kama Mkenya aliyekuja kununua dagaa Kirumba. Mwingine ni mtu anayeomba hifadhi, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka ajitokeze kwa ofisa anayehusika au hata kwa mtendaji wa kijiji ndani ya siku 7 toka aingie. Mwingine ni mkimbizi aliyeshaandikishwa, huyo kwa sheria zetu anatakiwa akae eneo lililotengwa, kama kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na kutoka nje ni kwa kibali. Na mwingine hana chochote kati ya hivyo. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, na si kazi yako kuwatofautisha.

Kazi yako ni kubaki upande wa wazi. Kumpa mtu mwenye njaa uji hadharani, kwenye stendi ya umma, uongozi wa stendi unajua, mtendaji wa mtaa anajua, hiyo haifanani kabisa na kumlaza mtu chumba cha uani bila kumwambia hata balozi, au kumtafutia gari la usiku la kwenda mpakani. Naona mnakoteleza vikundi kama nyie ni hapo kwenye nauli. Mnaona huruma, mnachanga, mnamkatia tiketi mpaka Sirari au mnamtafutia "kijana anayejua njia". Msifanye. Kwanza mmeshaingia kwenye kusafirisha. Pili yule kijana anayejua njia mara nyingi anajua na mengine. Pale stendi dalali wa tiketi na dalali wa watu wanaweza kuwa mtu yule yule, shati lile lile. Kama mnataka kusaidia safari, mpeni mtu taarifa ya kweli, meli inaondoka siku gani, nauli halali ni kiasi gani asitapeliwe, mpaka upi unataka karatasi gani, na aende mwenyewe ofisi ya uhamiaji kuuliza. Kama barua ya kujitambulisha kwa mtendaji na kwa uongozi wa stendi hamjapeleka hebu pelekeni wiki hii, majina yenu 6, mnafanya nini, saa ngapi mpaka saa ngapi, nakala yenye muhuri mkae nayo. Karatasi hiyo moja inaondoa nusu ya hofu ya jirani yako.

(Zamani hizi familia tulikuwa tunazikuta kivukoni Busisi, abiria wote wanashuka, unakaa kusubiri kivuko hata masaa, mama lishe wanawajua wote. Toka lile daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa mwaka 2025 basi linakatiza kilomita 3 za ziwa kwa dakika chache tu, kwa hiyo mtu anaanza kushuka na kuchanganyikiwa hapo hapo kwenu Nyegezi. Mzigo wa kivukoni umehamia kwenu na nadhani ndo maana mnaona wamekuwa wengi.)

Kwenye afya nitapita haraka. Mtoto anayeharisha, ORS, changanyeni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti si kwa kukisia, na zinki apewe kituo cha afya. Mtoto wa chini ya miaka 5 akiwa na homa msimpe panadoli mkamwacha asafiri usiku, akapimwe malaria kwanza. Mbonyeze mtoto nyayo zote mbili kwa kidole gumba taratibu ukihesabu mpaka tatu, ukiachia shimo likibaki pande zote mbili huyo ni utapiamlo mkali, hospitali siku hiyo hiyo, na msimshindilie maharage na ugali kwa huruma maana mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa ghafla unaweza kuzidiwa, anatakiwa aanziwe maziwa maalumu hospitali. Mhudumu wa afya wa mtaa ana utepe wa kupima mkono, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 chini ya sentimita 11.5 ni hatari, mwombeni mmoja wenu afundishwe. Na msiwaelekeze ziwani kuoga, kichocho kipo, toeni hela ya choo na bafu la stendi. Kwakweli kama mnaweza kuongeza kitu kimoja tu kwenye bajeti yenu mi ningeongeza hiyo hela ya choo, mama na watoto wanne kila kichwa kinalipa, anaamua nani aende na nani ajikaze, mkija na pedi na sabuni juu yake mmefanya kazi kubwa kuliko gunia la nguo za mitumba ambazo hana pa kubebea.

Haya, binti.

Ukimchukua kienyeji nakwambia kinachotokea kwa kawaida, nimekiona si mara moja, na kwa watu wema wa kanisani kabisa. Mwaka wa kwanza ni mwanetu. Analala na watoto, mnanunua sare. Shule wanataka cheti cha kuzaliwa, hana. Simu ya mama yake inapatikana mwezi mmoja, halafu haipatikani. Mwaka wa pili dada wa kazi kaondoka, binti anasaidia kidogo, "si yupo tu". Mwaka wa tatu ana miaka 15, ndo anayeamka saa kumi na moja kuwasha jiko, wageni wakija wanamwita dada, hakuna aliyekaa chini akaamua awe hivyo. Akipata tatizo, hata likitoka ndani ya nyumba yako, samahani mwanangu lakini lazima niliseme, hana pa kwenda kusema maana hakuna ofisi hata moja inayojua kuwa yupo. Na mama yake akirudi siku moja Nyegezi anaulizia nani? "Yule dada wa uji"?

Alafu iangalie upande wa pili. Mama anayemwomba mtu aliyemjua siku tatu abaki na binti wa miaka 12, na siyo yule mdogo, ana sababu. Inaweza ikawa nauli tu, binti wa miaka 12 analipiwa siti nzima. Inaweza ikawa anaogopa njia, anajua kinachowapata mabinti mpakani. Inaweza ikawa kuna mtu wanayesafiri naye anayemtazama binti vibaya na mama hawezi kulisema hilo. Au, na hapa uwe makini, binti si wake. Nauli unaweza kuitatua bila kuvunja familia. Hofu ya njia inahitaji mtu wa ofisi. Ya tatu na ya nne zinahitaji polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo au hapana, kaa naye pembeni, mbali na masikio ya wengine, umwulize swali moja tu: "Mama, unaogopa nini akienda na wewe?" Halafu nyamaza. Na binti naye apate nafasi ya kuongea na mwanamke mmoja peke yake, wanatembea kwenda kununua maji hivi, mtoto wa miaka 12 ana maoni yake kuhusu kuachwa na mara nyingi hakuna aliyemuuliza. Ukiona kila akiulizwa jina anamtazama mtu fulani kwanza, au simu na makaratasi yao yote anayo mtu asiye wa familia, au kuna "anti" anamsubiri mahali kwa kazi za ndani, hapo usijadiliane na mtu, piga 116, ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda dawati.

Kama hakuna dalili hizo, bado mlango wa kweli ni ofisa ustawi wa jamii. Nyegezi ni Nyamagana, kwa hiyo ni halmashauri ya jiji, anzia kata. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na malezi ya muda yapo kisheria, unaweza wewe mwenyewe ukaandikishwa ukakaguliwa nyumba ukakabidhiwa mtoto kwa muda, mama anajua yuko wapi, ofisi inajua, kuna faili. Hapo nafasi uliyonayo nyumbani itakuwa na maana. Wakipotezana, Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta na kuunganisha ndugu waliotengana, ila wanahitaji pa kuanzia, na pa kuanzia ni hilo faili.

Sitakudanganya kuwa ni rahisi. Ofisa anaweza akawa mmoja, meza imejaa, gari halina mafuta, utaambiwa njoo jumatatu. Na kuna jambo zito zaidi, familia ikifika mbele ya ofisa habari za uhamiaji zinaweza kufuata, na mama anaweza asipende. Ndo maana nasema umwambie kabla. Usimpeleke ofisini kwa kumwambia mnaenda kuchukua unga. Mwambie "mimi siwezi kubaki na mtoto bila ofisi kujua, ukitaka nitakusindikiza, na wakiuliza karatasi zako wataziuliza mbele yangu". Akikataa akaamua kuondoka na watoto wake wote wanne, mwache aende, mpe maji na maandazi ya njiani na namba 116 kwenye karatasi, binti aishike yeye. Utaumia ila hujamtupa mtoto. Mtoto aliye na mama yake hajatupwa. Ila kama kuna hatari kama nilizotaja huko juu, hapo hakuna cha ridhaa, unapiga simu hata kama mama atakuchukia maisha yake yote.

Usingizi wako sasa. Mwanangu hata kabla ya huyu binti nadhani ulikuwa umeshaanza kuchoka, umesema "toka mwaka jana kila jioni". Kila jioni! Kazi ya stendi ina ubaya wake, hadithi haiishi. Hospitali mgonjwa anapona au anafariki, unajua. Stendi basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi na wewe hutajua kamwe kama wale watoto walifika, kwa hiyo kichwa kinaendelea kuwasindikiza usiku. Wekeni zamu, jioni mbili kwa wiki kwa kila mtu zinatosha. Tafuteni laini moja ya kikundi, inazimwa saa tatu usiku, namba zenu binafsi msitoe. Mkimaliza kaeni dakika 15 kabla ya kurudi nyumbani, kila mtu aseme kilichomgusa, na hao wenzako waliosema "tapeli" wasikilize vizuri, mara nyingi mtu anayekuwa mkali pale ni yule aliyechoka zaidi yenu. Ikipita wiki mbili bado hulali, au unawafokea watoto wako kwa vitu vya ajabu, au ukisikia honi ya basi moyo unakwenda mbio, nenda hospitali ya rufaa uulize kitengo cha afya ya akili, Bugando wapo, na si kwamba umerukwa.

Na kama mama yule bado yupo pale stendi, kesho uji waachie wenzako. Nenda asubuhi ukae naye, umwulize lile swali moja, halafu kama atakubali mwende ofisi ya kata mkiwa wote, yeye ndo amshike binti mkono.